Mbio za asubuhi ya sikukuu na familia nzima: mwongozo kwa kaya za Unguja na Pemba

Kila tarehe 1 Januari Zanzibar huamkia mazoezi ya viungo. Vikundi hutoka mitaani kwao kungali gizagiza, kila kimoja na fulana yake, vinaimba na kuitikiana mpaka vinakutana barabara kuu. Siku kumi na moja baadaye ni Mapinduzi. Halafu zinafuata sikukuu nyengine za mwaka, na mara nyingi hakosekani mtu wa skuli, wa shehia au wa kikundi cha mazoezi aliyetangaza mbio za kilomita 5, matembezi, au vyote viwili.

Familia nyingi huingia hivi hivi tu. Fulana zimechukuliwa jana jioni. Baba na kijana mkubwa wametangulia, mama amebaki na wawili wanaolia viatu vinabana, na bibi amekaa kwenye baraza ya watu nusu ya njia hajui amngoje nani. Dawa ya hayo ni kukubaliana mapema juu ya jambo moja: mwendo wa familia ni mwendo wa aliye nyuma kuliko wote. Hilo huamuliwa nyumbani, wiki kadhaa kabla, kwa sababu barabarani kila mtu damu imeshachemka na hakuna anayesikia.

Chagueni siku kabla ya kuchagua umbali

Januari ni kaskazi. Hata alfajiri hewa ni nzito, joto huwa nyuzi 25 hivi, na jasho halikauki mwilini kwa sababu ya unyevu. Jasho lisilokauka halipozi mwili, linaloanisha nguo tu. Mtu anayekimbia kilomita bila shida mwezi wa Agosti huona tofauti kubwa siku ya Mapinduzi, na hajapungukiwa nguvu yoyote. Punguzeni mwendo tangu hatua ya kwanza.

Aprili na Mei Mosi ni masika. Hapo tatizo ni maji yaliyotuama: huwezi kujua dimbwi limefunika lami nzima, shimo au mtaro usio na kifuniko. Watoto wafundishwe kuzunguka kila dimbwi, hata linaloonekana dogo. Na Aprili 7 ni siku ya kumkumbuka Mzee Abeid Amani Karume aliyeuawa 1972. Ni siku ya khitma zaidi kuliko shangwe, kwa hiyo kama mtaa wenu una mbio siku hiyo, njia ziwe mbali na Kisiwandui alikozikwa na kelele zipungue.

Kwa familia ambayo haijawahi kukimbia pamoja, tungechagua Oktoba 14, Siku ya Nyerere. Baridi ya kusi ndiyo kwanza inaondoka, jua linachomoza karibu na saa 12 kamili hivyo mnapata mwanga mapema, na vuli mara nyingi haijakaza. Disemba 9, siku ya Uhuru, nayo si mbaya, ila vuli inaweza kuwakuta katikati ya njia. Asubuhi ya Idd iacheni. Ina sala yake, nguo zake na wageni wake.

Jengine ni Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na sasa inaisogelea Januari. Mwaka ambao mwezi unaangukia ndani ya wiki zenu za mazoezi, msifute kila kitu: tembeeni dakika 20 hadi 25 zinazoishia kwenye adhana ya Magharibi, au fanyeni mazoezi mepesi saa moja na nusu baada ya futari. Kukimbia mchana na saumu, kwa mtoto au mtu mzima, hatushauri kabisa.

Nani anakwenda na nani

Chukueni karatasi muandike majina. Kila mtoto wa chini ya miaka 12 awe na mtu mzima mmoja wa kwake. Watoto wawili kwa mtu mzima mmoja haiendi, hata wakiwa mapacha, kwa sababu mmoja lazima atataka kusimama wakati mwenzake anataka kukimbia. Na mwenye mbio kali kuliko wote nyumbani asipewe mtoto mdogo kuliko wote. Mpeni mtu asiyeona haya kutembea: khalti mwenye subira, babu aliyestaafu, dada asiyejali nani kampita. Kijana anayetaka kushindana mwacheni aende zake peke yake, akimaliza arudi kuwapokea.

Umbali kwa umri tunaupima hivi. Miaka 5 hadi 7, kilomita 1, tena ya kukimbia na kutembea. Miaka 8 hadi 10, kilomita 2. Miaka 11, kilomita 3. Kilomita 5 mtoto aanze akiwa na miaka 12 na ameshafanya mazoezi, isipokuwa ni matembezi. Mbio zikiwa ni za kilomita 5 tu, mdogo haingii mwanzoni: yeye na mtu wake wasubiri pembeni penye kilomita ya mwisho au mbili za mwisho, waungane na wenzao wanapopita. Hakuna refa atakayewafukuza, na mtoto anavuka mstari na familia yake.

Mtoto mchanga abebwe na mtu anayetembea. Kukimbia na mtoto mgongoni kwenye kanga kunamtikisa kichwa, na shingo yake bado haina nguvu ya kukizuia.

Wazee na wagonjwa wasiachwe nyumbani, ila kila mmoja ana sharti lake. Mwenye presha ameze dawa kama kawaida na atembee mwendo anaoweza kuzungumza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asitoke na njaa. Awe na tende tatu au pipi mfukoni, na anayefuatana naye ajue ziko mfuko gani. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mkononi, si kwenye gari. Mwenye selimundu azungumze na daktari wake kwanza. Akiruhusiwa, atembee tu, anywe maji mara kwa mara na aache mara anapohisi maumivu au kuchoka kusiko kwa kawaida. Mtu yeyote aliyewahi kubanwa na kifua au kuzimia akifanya kazi nzito apite spitali kabla ya kujiandikisha.

Matembezi ya mzee ni dakika 12 hadi 13 kwa kilomita. Kilomita 5 ni saa nzima au zaidi kidogo, na mkianza saa 12:30 atamaliza jua limeshapanda. Kilomita 3 zinamtosha.

Wiki sita za kujiandaa

Kwa mbio za Januari 1 anzeni Novemba 20. Kwa Mapinduzi, Disemba 1. Siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku muwe na angalau moja ya kupumzika.

Wiki ya 1: kimbieni dakika 1, tembeeni dakika 2, mara 8.
Wiki ya 2: kimbieni 2, tembeeni 2, mara 6.
Wiki ya 3: kimbieni 3, tembeeni 2, mara 5.
Wiki ya 4: kimbieni 5, tembeeni 2, mara 4.
Wiki ya 5: kimbieni 8, tembeeni 2, mara 3.
Wiki ya 6: siku mbili tu, dakika 15 kila siku, mwendo wa raha.

Kabla ya kila zoezi tembeeni dakika 5. Mkikosa wiki nzima kwa mafua au msiba, irudieni wiki mliyoishia. Kuruka ndiko kunakoleta maumivu ya muundi na kisigino, kwa sababu mapafu hujenga nguvu haraka kuliko mifupa na kano: mtu anajiona yuko tayari, mguu bado.

Kipimo cha mwendo mnacho tayari: mchakamchaka. Mtu mmoja anaimba, wengine wanaitikia. Anayeitikia mstari mzima bila kukata pumzi yuko sawa. Anayeitikia neno la mwisho tu anakwenda mbio kupita kiasi, na anayenyamaza kabisa msimamishe atembee. Kipimo hiki hakina betri na hakimdanganyi mtu. Kwa watoto kina faida ya pili, wanasahau kuuliza bado mbali gani.

Mahali pa mazoezi: mjini, uwanja wa wazi unafaa watoto kwa sababu hakuna gari na udongo ni laini kuliko lami. Kwenye uwanja wenye njia za riadha, mzunguko wa njia ya ndani ni mita 400, basi mizunguko miwili na nusu ni kilomita. Pwani ni pazuri maji yakitoka, kwenye mchanga mgumu ulio karibu na maji, lakini ufukwe umelala upande. Mkienda mbele tu, mguu mmoja unashuka chini kila hatua na goti au nyonga italalamika. Nendeni dakika 10, geukeni, rudini dakika 10. Kumbukeni pia kwamba maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ufukwe uliokuwa mpana Jumamosi hii hautakuwa hivyo Jumamosi ijayo saa ile ile.

Mkifanya mazoezi kwenye barabara ya magari, kaeni kulia ili magari ya upande wenu yawajie usoni muyaone. Nyuma hamuoni vespa wala bodaboda isiyo na taa. Nguo nyeupe kabla ya mapambazuko ni lazima.

Walioko Pemba wana mtihani ambao Unguja mjini hakuna: milima. Njia nyingi za Chake Chake na Wete hupanda na kushuka. Kupanda, fupisheni hatua, macho yatazame mita 10 mbele, na mtembee kama mlima unazidi dakika mbili. Kushuka ndiko kunakoumiza. Mtoto hujiachia, hatua zinakuwa ndefu, kisigino kinagonga lami, na kesho yake hawezi kushuka ngazi. Mfundisheni kushuka kwa hatua fupi za haraka, magoti yamelegea kidogo, kama anayeshuka na ndoo ya maji asiyotaka imwagike.

Viatu na nguo

Raba ya mtumba si aibu, lakini ikagueni. Ishikeni kisigino na ncha, muikunje. Ikikunjika penye vidole, vizuri. Ikikunjika katikati kama karatasi, soli imekufa. Kisha bonyezeni soli ya kati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi pembeni, mpira wake umezeeka na hautapokea kishindo. Tazameni gundi pia. Raba iliyokaa ghalani muda mrefu huonekana mpya na huachia soli kilomita ya pili, tena siku ya mvua.

Nafasi mbele ya kidole kirefu iwe upana wa kidole gumba, na mpime jioni mguu ukiwa umevimba kidogo. Kwa mtoto msinunue kikubwa ili "akue nacho". Mguu unateleza ndani na malengelenge yanaanza kilomita ya kwanza. Na kiatu kipya kisivaliwe mara ya kwanza siku ya mbio.

Kamba zina somo lake. Fungeni kiatu cha mtoto akiwa amesimama, si ameketi na mguu umening'inia, maana akisimama mguu hutanuka. Fundo la kawaida, kisha vitanzi viwili vifungwe tena mara moja, halafu ncha zote zichomekwe chini ya kamba zilizopita juu ya kiatu. Kamba inayopepea hukanyagwa, na katika kundi la watu mia mbili mtoto aliyeinama kufunga kamba haonekani.

Kwa wanawake na wasichana, suruali pana nyepesi na blauzi ndefu inayofika magotini inatosha sitara na haizuii goti. Dera na baibui havifai kukimbilia. Pindo hunasa kisigino, hasa mnaposhuka mlima. Mtandio uwe wa kitambaa cha kunyumbuka unaovaliwa moja kwa moja kichwani, bila pini shingoni, maana mtu akianguka pini huingia. Sidiria iwe ya michezo na ibane vizuri. Kanga moja iwe kwa mtu anayewasubiri mwisho.

Fulana ya bonanza ifueni kwanza. Mpya ina ukakasi na rangi, na kwa wanaume huchubua chuchu mpaka damu inaonekana kwenye kitambaa cheupe. Mafuta ya mgando kidogo kwenye chuchu, makwapa, mapajani na kati ya vidole yanamaliza tatizo hilo.

Kama mtaa wenu hauna mbio: pimeni njia yenu

Familia nne au tano zinatosha. Zungumzeni na sheha, kisha kituo cha polisi, wiki mbili au tatu kabla, na njia iwe ya kwenda na kurudi ili mhitaji walinzi wachache kwenye njia panda.

Msitegemee simu kupima, hasa Mji Mkongwe. Kuta ndefu za vichochoroni hurudisha mawimbi ya satelaiti na simu huonyesha kwamba mmepita ndani ya nyumba za watu. Kilomita inaweza kuongezeka au kupungua kwa mita nyingi. Tumieni baiskeli. Jazeni upepo, wekeni alama ya chaki kwenye tairi ya mbele mahali inapogusa ardhi, na alama nyengine chini. Mpandaji akiwa juu yake, maana uzito hubadilisha duara la tairi, aende mizunguko 10 kamili kwa mstari ulionyooka, kisha mpime kwa futi ya kamba. Gurudumu la inchi 26 hutoa karibu mita 20.70, yaani mizunguko 483 kwa kilomita. Fungeni kipande kigumu cha plastiki kwenye spoki kiguse uma kila mzunguko. Mpandaji anahesabu mlio, mwenzake anaandika kila mia.

Pimeni njia fupi ambayo mkimbiaji anaweza kuipita: ndani ya kona, sentimita 30 kutoka ukingoni. Kisha ongezeni mita 1 kwa kila kilomita, ili mbio zisije kuwa pungufu. Alama za kilomita ziandikwe kwa chokaa barabarani, si kwenye kibao. Kibao huondoka na watoto.

Jioni na alfajiri

Mkesha wa sikukuu una mitego yake. Biriani ya mafuta, urojo wenye pilipili na kachori, na Januari ndiyo msimu wa embe. Embe tatu usiku ni msalani kilomita ya pili. Kuleni mapema, kabla ya saa 2 usiku: wali mweupe au viazi, samaki, mchuzi usio na nazi nzito. Maharage yaacheni kesho. Kisha pangeni kila kitu kwenye mkoba mmoja wa ukili: namba za mbio, pini nne kwa kila mtu, maji, ndizi, kanga, dawa, taulo. Namba ibandikwe kwenye fulana usiku huo huo, kifuani, pini moja kila pembe. Nyuma ya namba ya mtoto andikeni kwa kalamu isiyofutika namba ya simu ya mtu ambaye hakimbii. Simu ya baba anayekimbia haina faida, iko mfukoni inatikisika.

Kwa mbio zinazoanza saa 12:30, ratiba inakuwa hivi:

Saa 11 kasoro robo: kuamka, choo, glasi moja na nusu ya maji kwa mtu mzima, nusu hadi moja kwa mtoto.
Baada ya Sala ya Alfajiri: ndizi mbivu moja au kipande cha boflo na asali, chai ya rangi nusu kikombe. Maziwa hapana.
Saa 11:40: kutoka nyumbani. Siku ya Mapinduzi barabara nyingi hufungwa mapema kwa ajili ya gwaride na msafara wa viongozi, na daladala zitawashusha mbali. Jueni mapema mtakapoteremka.
Saa 12:10: choo tena, kila mtu, hata anayesema hana haja.
Saa 12:15: kutembea dakika 5, kisha kukimbia polepole dakika 3. Misuli isivutwe kabla haijapata moto.

Mstari wa kuanzia na kilomita ya kwanza

Hapa ndipo familia inapokatika. Simameni nyuma kabisa, upande wa kushoto. Mbele kuna vijana wanaotaka kikombe, na mtoto wa miaka minane akisimama kati yao ataangushwa katika mita 50 za mwanzo bila mtu kukusudia. Kipyenga kikilia, tembeeni hesabu ya thelathini. Watu wanapita, wanapiga kelele, mtoto anakuvuta mkono. Mwacheni avute. Ndipo muanze kukimbia, kwa mwendo wa kuitikia wimbo.

Asiyefanya hivyo hali yake inajulikana: mtoto anachomoka mita 300 kama mshale, uso unawiva, anashika kiuno, analia, na kilomita zilizobaki anabebwa. Mtoto hana hesabu ya kugawa nguvu, hiyo ni kazi ya mtu mzima aliye naye. Anzeni dakika 2 kukimbia na 1 kutembea, hata kama mtoto hajachoka, na hasa kama hajachoka.

Msikae zaidi ya wawili kwa upana. Mkitaka kutembea, mmoja anyanyue mkono juu na msogee ukingoni kwanza, ndipo mpunguze mwendo. Kusimama ghafla katikati ya njia husababisha migongano, na matuta ya barabarani nayo yaangalieni.

Maji

Kwa kilomita 5 mtu mzima anatosheka na nusu kikombe, mililita 150 hivi, penye nusu ya njia. Mtoto, mafunda matatu au manne. Kikombe cha karatasi kibanwe mdomo kiwe kama mdomo wa birika, mnywe mkitembea. Kinachobaki mwagieni shingoni. Wanaotembea polepole saa nzima wasinywe kila kituo kwa sababu maji yapo. Maji mengi mno bila chumvi huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na mtu anadhani ni kiu akaongeza tena.

Baada ya mbio dafu ni zuri, lakini chumvi yake ni ndogo na jasho lina chumvi nyingi. Linyweni pamoja na karanga za chumvi au muhogo wa kuchemsha uliotiwa chumvi. Aliyetoka jasho jingi au aliyeharisha asubuhi atengenezewe lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onjeni: isiwe na chumvi kuliko machozi.

Yanayoharibika njiani

Kichomi, chini ya mbavu. Sababu ya kawaida ni kula karibu mno na mbio au kuanza kwa kasi. Tembea, toa pumzi yote mguu wa upande usiouma unapogusa chini, bonyeza kwa vidole. Dakika mbili zinatosha.

Msuli wa nyuma ya mguu umekaza: nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, shikilia mpaka uachie. Usipige ngumi. Akirudiwa mara ya pili, atembee mpaka mwisho.

Lengelenge: lisipasuliwe njiani. Legezeni kamba au zikazeni, kutegemea mguu umebanwa au unateleza.

Kinachoua ni joto. Dalili ya mwanzo si kuanguka. Mtu hujibu vibaya: unamuuliza jina la mtaa anakutajia jengine, anayumba, anakasirika bila sababu, au mtoto mchangamfu ananyamaza. Msiendelee hata hatua kumi. Kivulini, vueni viatu na nguo nzito, mwagieni maji mwili mzima, lowesheni kanga mumfunike na mumpepee bila kusita. Barafu ikipatikana iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe, maji yanaweza kuingia mapafuni. Mmoja apige 112 au akimbilie gari la huduma ya kwanza huku wengine wakiendelea kupoza. Kumpakia kwenye gari la moto na madirisha yaliyofungwa bila kumpoza kwanza ni kosa linalorudiwa kila mwaka, tena na watu wanaompenda.

Baada ya mstari

Msikae chini papo hapo; damu imejaa miguuni na ukisimama ghafla baadaye unaona giza. Tembeeni dakika 10. Mahali pa kukutania pawe pamekubaliwa jana, tena pawe kitu kisichohama: mlango fulani wa uwanja, nguzo, mti. "Tukutane penye spika" haifai, spika ni kumi. Mtoto aliyepotea aelekezwe asimame alipo na aonyeshe nyuma ya namba yake kwa mwenye sare.

Staftahi iwe ndani ya saa moja: chapati, maharage yaliyozuiwa jana, mayai, chai. Nyumbani, viatu vitolewe soli za ndani, vijazwe magazeti na vikauke kivulini penye upepo. Juani gundi huachia, na raba hizo mtazihitaji tena. Magazeti yabadilishwe jioni, maana ya kwanza yatakuwa yameloa.